Nimepokea, Tano-Tisa

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kazini, hata kwa mdogo wake wa kike, aliitwa Haina Shida, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila binadamu aliyemjia na ombi. Kadi za harusi ziwe tayari kesho? Haina shida. Mabango ya mkutano yabadilishwe rangi na yameshachapwa? Haina shida. Mtu amkanyage mguu kwenye foleni kisha amwombe radhi, haina shida, na huku kidole kimeshavimba ndani ya kiatu.

Alifanya kazi katika duka la kuchapa, chumba kirefu chenye mashine mbili kuukuu na harufu ya wino iliyoingia mpaka kwenye mapindo ya suruali zake. Kazi yake ilikuwa kukata karatasi na kupokea wateja. Kukata alikuwa hodari. Rundo zima lilipita chini ya kisu na kutoka na kingo zilizonyooka. Kupokea wateja ndiko kulikomponza, maana hakuwahi kumwambia mtu neno la kumvunja moyo. Kuna harusi moja ambayo kadi zake zilikauka wino bibi harusi akiwa tayari anatembea na tumbo mbele. Mwenye duka alipanga kumfukuza zaidi ya mara moja, lakini kila alipomwita kumfokea, Haina Shida alisikiliza kwa adabu, akakubali kila neno, akaahidi kubadilika, mpaka bosi mwenyewe akaona haya. Ilikuwa kama kupiga mto ngumi.

Watu wa namna hii tunawapenda, na tunakosea kuwapenda. Tunawaita wapole. Tunasema fulani hana neno na mtu. Hatuulizi hao watu walioahidiwa kesho waliishia wapi.

Redio ilimpata hapo hapo dukani. Siku moja aliingia mtu na kuagiza kadi ndogo, kila moja na picha ya mlima upande mmoja na nafasi ya kujazwa upande wa pili. Haina Shida akauliza ni za nini. Akaambiwa kwamba wapo watu wenye leseni ambao hukaa na redio zao wakaongea na mtu wasiyemjua aliye nchi ya mbali, kisha wakatumiana kadi kuthibitisha kwamba kweli walisikilizana. Hawalipwi na hakuna anayewatuma. Wanafanya kwa mapenzi tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Alizichapa zile kadi kwa wakati, jambo lililowashangaza wote pale dukani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa mwanachama.

Chama chao kilikuwa na makundi mawili. Wawindaji walikaa nyumbani na antena ndefu juu ya paa, wakisubiri. Wapandaji walitia kwenye begi redio ndogo, betri, waya na ufito wa kuvutika, ule wa kuvulia samaki, wa kuinulia waya, wakapanda mlimani, kwa sababu redio yenye nguvu kidogo ikiwa kileleni husikika mbali kuliko kubwa iliyo bondeni. Kila kilele kilikuwa na namba yake. Ukiita kutoka huko ukajibiwa na vituo vinne, kilele ni chako, na aliyekujibu naye anapata pointi. Basi mpandaji anapigwa na mvua, mwindaji anakunywa chai, na wote wawili wanajisifu sawa.

Sasa, mazungumzo ya redio yana desturi yake. Kila mmoja humpa mwenzake alama. Namba ya kwanza ni ya maneno, yanaeleweka kiasi gani, na mwisho wake ni tano. Ya pili ni ya nguvu ya sauti, na mwisho wake ni tisa. Kwa hiyo tano-tisa maana yake ni nakusikia vizuri kabisa, kama vile umekaa hapa sebuleni. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema. Ukweli ni kwamba karibu wote humpa kila mtu tano-tisa. Unamsikia kwa shida, tano-tisa. Umepata jina la kituo chake tu na mengine yamemezwa na makelele, nimepokea, tano-tisa, asante, safari njema. Sisi wenye lugha hii hatuna haki ya kuwacheka. Mtu ukimuuliza habari za nyumbani anajibu nzuri, kisha ndipo anakwambia nyumba imeungua.

Chama kilimpa Haina Shida kazi ya kufundisha wageni, kwa upole wake. Na aliwafundisha hivi: "Mpe tano-tisa. Mwenzako ametoka alfajiri, amelowa, ana njaa. Ukimpa mbili-moja unamvunja moyo bure. Tano-tisa haikugharimu kitu."

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mzee aliyestaafu ukarani katika idara ya maji, aliyekuwa akiishi ghorofa ya juu kabisa na waya zikitoka kwenye kila dirisha. Walimwita Sikio, kwa kuwa hakukubali kamwe kwamba kuna kitu hakukisikia. Alikuwa mwindaji wa kupindukia. Vilele alivyojipatia akiwa kwenye kiti vilizidi vya mbuzi yeyote wa milimani, na magoti yake hayakujua hata kilima cha sokoni.

Mpandaji mwenza wa Haina Shida alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Huyu alikuwa mpaka rangi, mtu mwenye kicheko cha kutikisa ngazi, ambaye nywele zake hazikuwahi kukosa tone la rangi ya dari ya mtu. Leseni hakuwa nayo wala hakuitaka. Alianza kwa kubeba mizigo, akajiita punda wa chama, kisha akaipenda milima yenyewe. Utani wao haukuwa na mwisho. "Shemeji," angesema, "mke ulinipa, maelekezo ya matumizi ukabaki nayo." Na Haina Shida angejibu kwamba mali ikishatoka dukani hairudishwi.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao ya ghorofani, mashine ikiwa karibu na dirisha na binti yao mdogo akicheza na vipande chini ya meza. Wazazi wao walikuwa wametangulia, na Haina Shida hakuwa na mke. Alikula hapo karibu kila jioni. Ndugu hao wawili walikuwa wamebaki wenyewe duniani, na mdogo mtu alimpenda kaka yake jinsi mtu anavyoipenda nyumba yake inayovuja.

Siku ile mawingu yalikuwa chini tangu alfajiri. Kilele walichokuwa wanakiendea hakuna mwanachama aliyewahi kuita redio kutoka juu yake, na Sikio alikuwa akiwapigia simu wiki nzima kuuliza wataenda lini.

"Kaka, mvua hii," mdogo wake alisema akiwa mlangoni na sindano mdomoni. "Si muende wiki ijayo? Huo mlima una miguu?"

"Haina shida. Ni manyunyu tu."

"Na huyu ana dari ya watu ya kumaliza Jumatatu."

"Nitakurudishia mumeo kama nilivyomchukua. Kabla jua halijazama tutakuwa tunakula hapa."

Mumewe akamchomoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa, akamwambia asije akaimeza kwa hasira akamwacha mgane. Walicheka. Wakaondoka.

Walifika juu asubuhi bado ikiwa mbichi. Kilele kilikuwa jiwe moja pana, lenye ukungu wa kijani uliolowa, na upande mmoja lilikatika ghafla. Haina Shida alipiga magoti kufungua begi. Shemeji aliushika ufito ukiwa umeshavutwa wote, waya ukiwa umefungwa nchani, akaanza kurudi nyuma polepole ili waya unyooke. Alikuwa anatazama juu. Mpaka rangi amezoea kutazama juu. Miguu yake hujua ngazi yenyewe. Haina Shida alisikia ufito ukivunjika, kisha sauti kama ya gunia linalodondoshwa, na alipoinua kichwa hakuona mtu.

Alimkuta chini, kwenye ufa kati ya miamba miwili, kina cha kama paa la nyumba. Alikuwa hai na macho yalikuwa wazi. Mguu mmoja ulikuwa umegeuka upande usiokuwa wake, na paja lilikuwa limeanza kujaa ndani ya suruali. Damu ya kuonekana haikuwepo, na hilo lilimpa Haina Shida moyo, maskini, hakujua kwamba damu inaweza kumwagikia ndani.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," shemeji alisema huku meno yakigongana. "Dada yako alisema. Mimi nimelichukulia methali tu, kumbe ni taarifa."

Alijaribu kumwinua. Mayowe aliyoyasikia yalimfanya asijaribu tena. Akavua koti lake akamfunika.

Simu hazikushika upande ule. Zilikuwa zinashika chini, begani mwa mlima, karibu na nyumba za kwanza. Walikuwa wamepita hapo asubuhi wakasalimiwa na wanaume waliokuwa wakipasua kuni. Mtu akishuka kwa haraka angewafikia hao wanaume, na hao wangepanda na machela ya miti na kamba, na mgonjwa angekuwa barabarani jua likiwa bado juu.

"Shuka," shemeji alisema. "Mimi si unaona sina pa kwenda."

"Ngoja kwanza nijaribu redio. Ni haraka zaidi. Wakinisikia mjini, watapiga simu moja tu, gari linakuja na watu wake."

Na wazo halikuwa baya. Nisimwonee. Mtu yeyote wa chama angefanya vivyo hivyo. Ufito ulikuwa umevunjika, kwa hiyo aliutandaza waya juu ya vichaka, chini chini, akajua kabisa kwamba sauti yake ingetoka dhaifu. Akaita. "Dharura. Dharura. Kuna mtu ameumia." Akataja kituo chake, akataja namba ya kilele, akarudia. Redio ikamjibu kwa mvumo wake wa maji yanayochemka. Akaita mpaka koo likakauka. Kila baada ya muda alienda ukingoni kumtazama shemeji yake, akampungia mkono, akarudi kuita.

Jua lilipokuwa katikati, sauti ikatoka kwenye makelele. Ilikuwa mbali, lakini aliijua. Ilikuwa ya Sikio, akitaja kituo chake kwa ile fahari yake. Haina Shida aliishika redio kwa mikono miwili. Alisema kila kitu kwa mara moja: shemeji ameanguka, mguu umevunjika, hawezi kutembea, piga simu, leta watu, kilele namba fulani, upesi, mzee, upesi. Halafu akaachia kitufe.

"Nimepokea," ilisema sauti. "Tano-tisa, tano-tisa. Asante sana kwa kilele kipya. Safari njema."

Ikapotea.

Alitaka kulia kwa furaha. Aliteleza mpaka ukingoni akapiga kelele, "Wamesikia! Sikio amepokea! Wanakuja!" na shemeji yake akiwa kule chini akainua kidole gumba. Haina Shida akazima redio ili betri isiishe, akashuka kwenye ule ufa, akakaa kando yake kusubiri.

Hapa ndipo ninapomkasirikia, na nitamkasirikia daima. Kwa sababu alijua. Kama kuna mtu mmoja katika chama kizima aliyejua tano-tisa ina thamani gani, ni yeye aliyewafundisha wenzake kuigawa. Mtu anapoambiwa mgonjwa anakufa hasemi asante kwa kilele kipya. Lilimpitia kichwani wazo hilo, akiwa bado anateleza kwenye jiwe, na akalipisha kando kama unavyompisha mtu njiani. Habari ilikuwa nzuri. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuikatalia habari nzuri.

Mvua ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Mwanzoni walipiga soga. Shemeji alisema dari ya Jumatatu ataimaliza amelala kitandani, kitanda kikiwa juu ya ngazi. Baadaye soga zikapungua. Paja lilikuwa limejaa hadi kitambaa cha suruali kinavutika, na midomo ilikuwa imepoteza rangi.

"Wako wapi hao watu wako?"

"Wako njiani. Subira huvuta heri, shemeji."

"Hebu shuka ukawaangalie."

"Nikuache peke yako? Wakija watakukuta na nani?"

Subira. Neno zuri hilo, ila halizuii damu. Baadaye alipanda juu akawasha redio tena, na safari hii hakukuwa na chochote isipokuwa mvumo. Mawimbi yalikuwa yameshabadilika, au betri imeingia maji, au wote walikuwa wameenda kula. Aliita kidogo akaacha. Aliporudi, shemeji alikuwa amefumba macho, na bila kuyafumbua alisema, taratibu, bila utani hata chembe, "Shemeji, nakuomba ushuke ukaite watu."

"Wameshatusikia. Haina shida."

Kila saa iliyopita ilifanya kushuka kuwe kugumu zaidi, na si kwa sababu ya njia. Kushuka kungekuwa kusema kwamba hakuna anayekuja, na kwamba asubuhi na mchana vimepotea bure. Basi akabaki. Alimkanda mikono, akamfunika kwa begi tupu. Shemeji aliomba maji, akapewa. Akasema anasikia baridi. Baadaye akauliza kama cherehani imezimwa, na Haina Shida akajibu ndiyo, imezimwa. Jua lilipokuwa linagusa mlima wa ng'ambo, mpaka rangi alivuta pumzi moja ndefu, akaiachia, na hakuvuta nyingine.

Ndipo Haina Shida aliposhuka. Alikimbia njia yote, na hakukuwa tena na sababu ya kukimbia. Wale wanaume wa kuni walikuwa wamekaa nje ya nyumba zao. Walipanda naye bila kuuliza mara mbili, na walipofika juu mmoja wao alishangaa, "Sasa si ungetuambia mchana? Tulikuwepo tu."

Hospitalini daktari alimvuta kando kwenye korido, akamweleza habari ya mfupa wa paja na mshipa mkubwa wa damu uliopita karibu nao. Kisha akauliza, bila ubaya, kwa nini walichelewa. Haina Shida alisema ni mvua.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni alipofika. Alikuwa ameshaambiwa kwa simu, na hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza jambo moja tu.

"Aliteseka?"

Na mtu ambaye hakuwahi kumvunja mtu moyo akajibu, "Hapana. Alianguka asubuhi, akakata roho palepale. Hakujua hata kilichomgonga."

Mdogo wake akakaa chini pale pale kizingitini. Alilia, lakini alilia kama mtu aliyepata kitu cha kushikilia. Siku zilizofuata, kila aliyekuja kutoa pole alielezwa hivyo hivyo: hakuteseka, palepale, kaka yangu alikuwepo. Wanawake wakaitikia bora hivyo, wapo wanaougua miaka. Neno hilo likawa ndiyo fimbo yake ya kutembelea. Haina Shida alikuwa anashinda pale, akichota maji, akipanga viti, akimpeleka binti shule na kumrudisha. Majirani walimtolea mfano: ndugu ndiye huyu. Kila waliposema, alitazama chini, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Kwa Sikio hakwenda. Angemwambia nini? Mzee alifanya alivyofundishwa. Alichoomba usiku na mchana ni kwamba mzee asije msibani.

Mzee alikuja. Alikuja watu wakiwa wamepungua, mchana, amevaa koti lake la kustaafia, akapumua kwa muda mlangoni kwa sababu ya ngazi. Alivua viatu akaviweka vizuri, akakaa, akampa mjane pole kwa maneno mazuri sana. Haina Shida alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Alimtazama mzee usoni akitafuta hatia yoyote, na hakuiona. Mzee wa watu hakuwa anajua kitu.

"Nataka ujue, binti yangu," Sikio alisema, "kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho kuongea nao wakiwa kule juu. Niliona nije mwenyewe nikwambie. Nilimsikia kaka yako safi kabisa. Tano-tisa. Walikuwa na furaha zao."

Mdogo wake alitabasamu kidogo. "Asante, mzee. Ilikuwa asubuhi hiyo, kabla hajaanguka."

"La, ilikuwa mchana. Nakumbuka, nilikuwa nimeshawekewa chakula mezani, nikakiacha. Kilele kipya hukiachi kikapita."

Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Binti alikuwa kwa jirani. Mtu wa ghorofa ya chini alisikika akiburuta kiti. Mdogo wake alimgeukia kaka yake polepole.

"Kaka. Mchana mume wangu alikuwa ameshakufa."

Haina Shida alitazama ile cherehani iliyofunikwa.

"Kwa hiyo ulikuwa unacheza redio? Amelala pale, na wewe unacheza redio?"

Hapo alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya. Angeweza kumwacha mdogo wake aamini hilo. Kwa muda mfupi, nadhani, alilipima. Lakini macho yale hakuweza kuyastahimili.

"Sikuwa nacheza. Nilikuwa naomba msaada." Akamgeukia mzee. "Mzee, nilikwambia ameanguka. Nilikwambia mguu umevunjika, ulete watu. Ulinisikia?"

Mikono ya Sikio ilianza kutafuta kitu kwenye mifuko ya koti.

"Nilisikia jina la kituo chako," alisema hatimaye. "Na namba mbili tatu za kilele. Zilizobaki nilikisia. Baada ya hapo yalikuwa makelele tu... Lakini mwalimu, si wewe mwenyewe ulisema? Ulisema tusimvunje mtu moyo."

"Tano-tisa maana yake nini?" mdogo wake aliuliza.

Mzee ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Nakusikia vizuri kabisa."

Mdogo wake akamwacha mzee, kama vile hayupo chumbani, akamrudia kaka yake, na sasa alikuwa anauliza taratibu, kwa utulivu wa kutisha, kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Hakufa palepale."

"Hapana."

"Alikaa mpaka lini?"

"Mpaka jua linazama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kando yake. Sikumwacha hata..."

"Alisema nini?"

Ah, maneno aliyokuwa nayo Haina Shida! Angeweza kusema alikutaja wewe, alimtaja binti, aliomba umsamehe. Yalikuwa yameshajipanga mdomoni, matamu, na yangemfaa mjane maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliyameza.

"Aliniambia nishuke nikaite watu," alisema. "Aliniambia tangu asubuhi. Mwisho aliniomba. Nikamwambia wameshatusikia, wanakuja."

Mdogo wake aliinuka, akajipangusa magoti, akaenda mlangoni. Akainama akachukua viatu vya kaka yake, kimoja kimoja, akavitoa nje akaviweka kwenye ngazi, vikitazama chini. Kisha akasimama ameushika mlango ukiwa wazi, akimsubiri atoke.

Viatu vya Sikio aliviacha palepale.